Shule ya Mtoto wa Vita Haiishii Kwenye Kuezeka

Riyadh na Jeddah zina fedha za kujenga shule kwa watoto waliokimbia vita. Kazi ngumu huanza baada ya mkandarasi kuondoka.

Tarehe 22 Aprili 2023 ilikuwa siku ya pili ya Idi. Siku hiyo meli ya jeshi la majini la Saudi Arabia iliingia Jeddah ikitokea Port Sudan, ng'ambo ya Bahari ya Shamu. Abiria waliposhuka walipokelewa na askari wenye maua na peremende za sikukuu. Vita vya Khartoum vilikuwa na wiki moja tu. Vilianza Aprili 15, kumi la mwisho la Ramadhani, watu wakiwa wamefunga.

Katika wiki zilizofuata meli ziliendelea kwenda na kurudi, zikavusha zaidi ya watu 8,000 wa mataifa yanayozidi 100. Kwetu Afrika Mashariki habari hiyo ilitugusa kwa sababu vijana wetu wengi walikuwa wakisoma Khartoum. Watanzania walirudishwa nyumbani kupitia Ethiopia. Wazazi walishukuru Mungu kwa kuwaona watoto wao wakiwa hai, na mambo ya masomo yakawekwa kiporo.

Lakini masomo hayakai kiporo muda mrefu. Kufikia Oktoba mwaka huohuo, UNICEF na Save the Children walitangaza kwamba watoto milioni 19 wa Sudan hawakuwa darasani na shule zisizopungua 10,400 katika maeneo ya mapigano zilikuwa zimefungwa. Hesabu hiyo inakaribia watoto wote wa nchi nzima wenye umri wa kwenda shule. Swali likabaki mezani kwa kila mwenye uwezo wa kusaidia: mtoto huyu atasoma wapi, na nani atamfundisha?

Jibu linalotoka haraka kwa wafadhili ni kujenga. Shule inapigwa picha, inawekwa jiwe la msingi, inakatwa utepe. Nimefuatilia kwa muda misaada inayotoka katika miji hii miwili ya Saudi Arabia, na kadiri ninavyoifuatilia ndivyo ninavyoamini kwamba ukuta ndio sehemu rahisi kuliko zote. Shule ya mtoto wa vita inasimama au kuanguka kwa mambo yasiyopigwa picha: mlango anaoruhusiwa kuingia, mwalimu anayelipwa, na cheti kitakachokubalika kesho.

Miji miwili, mifuko mingi

Mtu anayetafuta fedha za shule katika ulimwengu wa Kiislamu hawezi kuikwepa miji hii. Riyadh ndiko kilipo Kituo cha Mfalme Salman cha Misaada ya Kibinadamu, kilichoanzishwa Mei 2015 na kinachoongozwa na Dk. Abdullah Al Rabeeah, daktari bingwa wa upasuaji. Watanzania wanamjua kwa jambo jingine: timu yake ndiyo iliyowatenganisha watoto wetu pacha walioungana, mwaka 2018 na tena mwaka 2023. Riyadh pia ndiko uliko Mfuko wa Maendeleo wa Saudia, ulioanza kazi mwaka 1975 na uliokopesha nchi nyingi za Afrika kwa ajili ya barabara, hospitali na shule.

Jeddah nayo ina Benki ya Maendeleo ya Kiislamu, iliyofungua milango Oktoba 1975, pamoja na makao makuu ya Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, ile OIC iliyozua mjadala mkubwa Tanzania mwaka 1993 baada ya Zanzibar kujiunga na kisha kujitoa.

Kuna mfuko mwingine ambao historia yake inafundisha peke yake. Benki ya Kiarabu ya Maendeleo ya Kiuchumi Barani Afrika, BADEA, ilianza kazi mwaka 1975 na makao yake yakawa Khartoum. Fedha zake zilijenga kampasi ya Tunguu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ambako leo mamia ya vijana wa Unguja na Pemba wanasoma. Vita vilipolipuka Khartoum, benki hiyo nayo ikalazimika kuhama, na sasa inafanya kazi Riyadh. Taasisi iliyokuwa ikiwajengea wengine imejua maana ya kuacha ofisi na mafaili nyuma. Natamani uzoefu huo uonekane katika maamuzi yake kuhusu watoto wa Sudan.

Jeddah ilikuwa pia mahali pa ahadi. Mei 11, 2023, wajumbe wa jeshi la Sudan na wa kikosi cha RSF kilichokuwa kikipigana nalo walitia saini Azimio la Jeddah, wakikubali kuwalinda raia, kuondoka katika majengo ya umma na kutowaingiza watoto vitani. Saini haikuzuia lolote. Shule nyingi zikageuka makazi ya waliokimbia nyumba zao, na ahadi kuhusu watoto ikavunjwa mchana kweupe. Ndiyo maana mazungumzo ya kujenga shule hayawezi kutenganishwa na mazungumzo ya kusimamisha bunduki. Atakayejenga leo mahali ambapo mizinga itarudi kesho atakuwa anapoteza mifuko ya saruji.

Shule bila tofali

Jambo kubwa zaidi ambalo Saudi Arabia imelifanya kwa watoto wa vita halikuhitaji mkandarasi. Baada ya vita vya Syria kuanza mwaka 2011, familia nyingi ziliingia kwa ndugu zao Riyadh, Jeddah na kwingineko. Serikali haikujenga kambi. Saudi Arabia haikuridhia Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kwa hiyo haiwaiti watu hao wakimbizi, inawaita wageni. Mwaka 2012 iliagizwa kwamba watoto wa Kisyria wapokelewe katika shule za serikali, na Septemba 2015 serikali ilitangaza kuwa zaidi ya wanafunzi 100,000 wa Kisyria walikuwa wakisoma bure. Wayemeni nao, vita vyao vilipopamba moto mwaka 2015, walipewa vitambulisho vya mgeni, na watoto wao wakaingia katika madarasa yaleyale.

Tafakari maana yake kwa mtoto. Badala ya kuamkia hema lenye nembo ya shirika, anaamka, anavaa sare, anakwenda shule ya mtaa. Anakaa dawati moja na mtoto wa Kisaudi. Kitabu ni kilekile, mtihani ni uleule, na cheti mwishoni ni cha taifa, kinachotambulika popote. Lugha ni Kiarabu, lugha ya nyumbani kwao, hivyo halazimiki kuanza upya kama mtoto wa Kikongo anayefika kwetu akijua Kifaransa na Kiswahili cha Bukavu, akakuta sekondari inafundisha kwa Kiingereza.

Hata hivyo mlango huo una kufuli, na ufunguo wake ni karatasi. Usajili wa mwanafunzi hufanywa kwenye mfumo wa kompyuta wa wizara uitwao Noor, na mfumo hauoni machozi. Unaona namba ya kitambulisho. Mtoto ambaye baba yake ana iqama, kibali cha ukaaji, iliyo hai anaingia. Iqama ikiisha, au kafili, yaani mdhamini wake, akigoma kuihuisha, mtoto anaanza kuyumba pamoja na baba. Kila Mwafrika Mashariki aliyefanya kazi Batha au Manfuha kule Riyadh, au Sharafiya kule Jeddah, anajua uzito wa ile kadi ndogo mfukoni.

Kisha kuna gharama. Tangu Julai 2017 mfanyakazi mgeni wa sekta binafsi hulipia ada kila anayemtegemea: ilianza riyali 100 kwa mwezi, ikapanda kila mwaka hadi riyali 400 mwaka 2020. Fanya hesabu ya baba mwenye mke na watoto wanne. Ni watu watano, riyali 2,000 kila mwezi, kabla ya kodi ya nyumba na mkate. Dereva au muuza duka anazitoa wapi? Familia nyingi za wageni zilifunga mizigo zikarudi makwao, na kwa wengine makwao palikuwa bado panawaka. Shule ilikuwa bure, lakini kuishi karibu nayo kukawa ghali.

Ninaposema hivi sipunguzi thamani ya uamuzi wa kuwapokea. Ni miongoni mwa maamuzi bora yaliyofanywa na nchi yoyote ya ukanda ule, na mataifa mengi tajiri hayakuthubutu. Nasema kwamba ruhusa ya kusoma inakamilika pale tu ukaaji wa mzazi nao unapopewa uhakika.

Yemen, na deni lake

Hakuna anayeweza kuandika kwa uaminifu kuhusu shule na Riyadh akairuka Yemen. Tangu Machi 26, 2015, Saudi Arabia iliongoza muungano wa kijeshi dhidi ya Wahouthi, waasi waliokuwa wameiteka Sanaa. Ndege zilipiga, mizinga ilijibu, na pande zote zina damu ya watoto mikononi. Agosti 9, 2018 bomu la muungano liliangukia basi lililokuwa na wanafunzi sokoni Dahyan, mkoa wa Saada. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilihesabu watoto 40 miongoni mwa waliokufa. Wiki chache baadaye muungano ulikiri kwamba shambulio lile lilikuwa na makosa. Wahouthi kwa upande wao waliwabebesha watoto bunduki na kutega mabomu ya ardhini mashambani na njiani.

Kwa hiyo kila darasa linalojengwa Yemen kwa fedha za Riyadh linabeba mambo mawili kwa pamoja: ni msaada, na ni sehemu ya deni. Msomaji ana haki ya kuyaona yote mawili. Mtoto wa Saada hatanufaika tukilificha kosa, na mtoto wa Marib hatanufaika tukikataa darasa kwa sababu ya aliyelilipia.

Yapo yaliyofanyika vizuri. Mwaka 2017 Kituo cha Mfalme Salman kilianzisha huko Marib mpango wa kuwarekebisha watoto waliotumikishwa vitani. Walikusanywa kwa makundi madogo, wakapewa washauri wa nafsi, michezo na masomo, na wazazi nao wakaketishwa na kuelezwa hatari ya kuwapeleka watoto wao vitani. Watoto walipewa karatasi na rangi wachore. Mwalimu yeyote aliyewahi kufundisha watoto wa vita anajua kwa nini kuchora hutangulia hesabu. Mlango ukibamizwa na upepo, mtoto wa namna hii anajitupa chini ya dawati. Akiulizwa anaogopa nini hajui aseme nini, ila mkono wake utachora lori, moto, na watu wasio na nyuso.

Mwaka 2018 Saudi Arabia ilianzisha pia mradi wa Masam wa kutegua mabomu ya ardhini Yemen. Huo kwangu ni ujenzi wa shule hata kama haukuweka tofali, kwa sababu njia ya kwenda shuleni ni sehemu ya shule. Mama hatamruhusu bintiye atembee kilomita mbili katika njia ambayo wiki iliyopita ilimkata mguu mtoto wa jirani.

Na kisha mwalimu. Mwaka 2021 UNICEF ilieleza kwamba walimu wa Yemen zaidi ya 170,000, theluthi mbili ya walimu wote, hawakuwa wamepata mshahara wa uhakika tangu 2016. Watoto zaidi ya milioni 2 walikuwa nje ya shule. Wengi wa walimu hao waliendelea kuingia darasani. Wengine walikwenda kuuza kuni, kubeba mizigo, kuendesha bodaboda. Utamlaumu nani? Mwalimu naye ana watoto wanaosubiri chakula.

Oktoba 2018 Saudi Arabia na Umoja wa Falme za Kiarabu zilitangaza dola milioni 70 za kusaidia malipo ya walimu kupitia UNICEF, na mwaka uliofuata walimu na wafanyakazi wa shule zaidi ya 130,000 wakaanza kupokea posho ya takriban dola 50 kwa mwezi. Ni fedha ndogo. Ila mwalimu wa kijijini aliyekaa miaka miwili bila kitu anaweza kununua unga, akalipa nauli, akarudi kwenye ubao. Kwa maoni yangu dola hizo zilifanya kazi kubwa kuliko majengo mengi yaliyozinduliwa kwa shangwe. Tatizo ni kwamba posho ya mfadhili ina tarehe ya mwisho, na njaa haina.

Mazimbu tulifanyaje?

Sisi wenyewe tuna kipimo cha kuwapimia wengine. Baada ya mauaji ya Soweto mwaka 1976, vijana wa Afrika Kusini walimiminika wakitafuta pa kukimbilia. Mwaka 1977 Tanzania iliwapa ANC shamba la zamani la mkonge huko Mazimbu, Morogoro. Mwaka uliofuata ujenzi ukaanza, na shule ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria Aprili 6, 1979 akiwa na miaka 22.

Waliojenga Mazimbu hawakuishia kwenye madarasa. Palikuwa na shule ya awali, msingi na sekondari, shamba la mazao na mifugo, karakana ya samani, na hospitali. Fedha zilitoka nchi za Skandinavia, Uholanzi na kwingineko, lakini mtaala uliandikwa na wenyewe, walimu wengi walitoka miongoni mwao, na chakula kilitoka shambani mwao. Oliver Tambo alipoifungua rasmi Agosti 1985, shule ilikuwa tayari inaishi. Mwaka 1992, Waafrika Kusini walipoanza kurudi kwao, walikabidhi majengo kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Nchi yetu wakati ule haikuwa na mafuta wala benki kubwa. Ilikuwa na ardhi, na ilikuwa na subira ya kuwaacha wageni wapange wenyewe maisha ya watoto wao.

Uganda ina mfano wake unaoigusa Jeddah moja kwa moja. Mkutano wa OIC uliofanyika Lahore mwaka 1974 uliamua Uganda ipate chuo kikuu cha Kiislamu. Machafuko na vita vikachelewesha jambo hilo zaidi ya miaka kumi. Chuo kilipofunguliwa Mbale Februari 1988 kilianza na wanafunzi 80 tu, na moja ya kozi zake mbili za kwanza ilikuwa ya kuandaa walimu. Nchi iliyokuwa imetoka vitani ilianza kwa kuzalisha watu wa kusimama mbele ya ubao. Huo ndio mpangilio sahihi.

Karatasi ya mwisho

Linabaki suala la cheti. Katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, watoto wa Kikongo wamekuwa wakisoma mtaala wa Kongo na wa Burundi wa kwao, kwa kutegemea kwamba watarudi. Kakuma, Kenya, mtoto wa Sudan Kusini husoma mtaala wa Kenya na kufanya mtihani wa Kenya. Uganda huwachanganya wageni na wenyeji. Desemba 2017 nchi za IGAD, jumuiya ya Pembe ya Afrika, zilikubaliana Djibouti kuwaingiza watoto wakimbizi katika mifumo ya kitaifa ya elimu, kwa sababu walikuwa wameona matokeo: kijana anamaliza miaka 12 ya masomo kambini, akitoka nje karatasi yake haimfungulii mlango.

Wasudani wameionja shida hiyo. Mtihani wa kumaliza sekondari uliopaswa kufanywa mwaka 2023 ulifanyika Desemba 2024, na vituo vikafunguliwa pia nje ya nchi. Waliokuwa katika maeneo yanayoshikiliwa na RSF wengi hawakuweza kuufanya. Kijana aliyekuwa na miaka 17 vita vilipoanza alifikisha 19 akisubiri karatasi ya maswali. Huyo hahitaji jengo jipya. Anahitaji kituo cha mtihani, mtu wa kuthibitisha rekodi zake zilizoungua, na chuo kitakachompokea.

Yupo pia mtoto wa miaka 12 asiyejua kusoma, ambaye vita vilimkuta kabla ya darasa la kwanza. Ukimketisha na wa miaka sita ataona aibu, atatoroka. Tanzania tuliwatengenezea watoto wa aina hii mpango wa MEMKWA, wakasoma kwa haraka na kuungana na wenzao. Ni utaalamu wetu, na hakuna sababu usiombwe na walioko Riyadh na Jeddah wanaopanga shule za Sudan na Yemen.

Ndugu zetu walioko Saudi Arabia nao wanahusika. Wengi huchangishana kwenye makundi ya WhatsApp wakajenga madrasa na madarasa vijijini kwao, na Mungu awalipe. Ombi langu kwao, na kwa taasisi kubwa za miji ile, ni moja: katika kila bajeti ya shule, mshahara wa miaka mitano wa mwalimu uandikwe kabla ya bei ya bati. Wakandarasi watakapoomba zabuni, waulizwe pia nani atasajili mtihani, njia ya kwenda shuleni ni salama kiasi gani, na mzazi wa mtoto atakaa pale kwa karatasi gani. Penye majibu, jenga. Pasipo majibu, fedha hizo zimlipe kwanza mwalimu aliyeko tayari anafundisha chini ya mti. Shule yake ipo. Ni yeye tu hajalipwa.